Ukurasa Uliotangulia Kura

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amenipa daftari hili. Amesema, "Mama, miaka kumi na tisa unaandika maneno ya Waheshimiwa. Andika na yako." Nikamwambia yangu hayapigiwi makofi. Akacheka huku ameshika tumbo. Mimba inaingia mwezi wa saba, na mumewe yuko mbali anakotafuta kazi, anatuma salamu tu.

Basi haya. Leo Bunge limefunguliwa, na mvua nayo imefunguka siku hiyo hiyo. Sisi waandishi wa Taarifa Rasmi tuko pale pale petu, kwenye meza ndogo chini ya kiti cha Spika. Kila mmoja anakaa dakika kumi, anaandika kwa hati mkato, kisha anampisha mwenzake na kushuka chini kupiga chapa. Chini ya kila ukurasa kuna herufi za jina la aliyeuandika. Sijawahi kuona mtu akizisoma.

Mzee Nukta, mkuu wetu, ametusomea waraka wa kubana matumizi bila kuinua macho. Matangazo ya Bunge redioni na kwenye televisheni yamesitishwa. Jukwaa la wageni limefungwa. Mashine ya kurekodi sauti iliharibika Februari na haitatengenezwa, kwa hiyo mashine ni masikio yetu. Umeme utazimwa saa kumi kamili jioni. Mtu mmoja akauliza kama na sisi tutazimwa saa hiyo. Mzee akafungua ukurasa wa pili. Tunamwita Nukta kwa sababu anaweza kukurudisha kutoka mlangoni, mkoba begani, kwa nukta moja uliyoisahau.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sukari imeadimika. Baba watoto anakoroga chai kavu kwa kijiko, anasema mkono umezoea.

Jumanne, 11 Machi

Leo amehutubia Waziri wa Fedha. Nyumbani kwangu anaitwa Bwana Mkanda, kwa sababu kila hotuba yake inatuambia tujifunge mkanda. Baba watoto, ambaye kiwanda chao kilifungwa mwezi wa Novemba baada ya yeye kukitumikia miaka ishirini na mbili, anasema mwenye tumbo kama lile mkanda anausikia kwenye hadithi.

Kazi yangu ni kumsafisha. Watu hawalijui hili. Waziri anasema, "Sisi, yaani, hali ya, ya, fedha za kigeni, kwa kweli ni, mnajua wenyewe." Mimi naandika: "Hali ya fedha za kigeni ni ngumu, kama mnavyofahamu." Akigugumia, namnyoosha. Akitukana kidogo, naweka "(Kicheko)". Ukisoma vitabu vyetu utadhani tunatawaliwa na wanafalsafa, na nusu ya falsafa hiyo nimeitunga mimi huku njaa inaniuma. Zamani nilijivunia.

Jumatano, 19 Machi

Umeletwa Muswada wa Kunusuru Uchumi. Umepewa jina zuri, kama kawaida ya vitu vibaya. Nimeandika kurasa nne za maelezo na hii ndiyo maana yake: waliotukopesha wanataka kuona tunauza kitu, na kilichobaki ni hospitali za wilaya. Zitapewa kampuni moja kwa miaka thelathini. Ikishakabidhiwa, kuanzia Mei, itazifunga mwaka mzima kwa ajili ya ukarabati. Mwenye kampuni ni nani, hakuna aliyesema. Kwenye foleni ya chai wanasema ni shemeji wa Waziri, na lisemwalo lipo.

Nilimpigia dada yangu. Ni mkunga katika hospitali yetu ya wilaya, mwaka wa ishirini na sita sasa. Akasema, "Wakifunga mwezi wa tano, huyu mtoto wetu atajifungulia wapi?"

 Binti yangu hawezi kujifungua kwa njia ya kawaida. Wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, akaishi siku mbili. Daktari amesema na huyu ni upasuaji, na lazima ufanyike wiki ya tatu ya Mei hasa, si kabla wala si baada. Chumba kingine cha upasuaji kiko mwendo wa saa sita, na mvua hii.

Alhamisi, 27 Machi

Leo amesimama mbunge wetu. Jina lake la mitaani ni Kengele, kwa sababu ya sauti yake. Alizungumza dakika ishirini na mbili, na bahati nzuri zamu ya kwanza ilikuwa yangu. "Wagonjwa wangu si kreti za soda, Mheshimiwa Spika, useme utazihifadhi ghalani mwaka mzima!" Sikusafisha hata neno. Machozi yalinilenga, nikajikuta nimeandika "Makofi" mara mbili.

Nilimchagua huyu mtu. Nilisimama kwenye foleni juani kwa ajili yake. Jioni nilimsomea binti yangu hotuba yote, na baba watoto akasema, "Debe tupu haliachi kuvuma." Nikamwambia anyamaze.

Jumatano, 2 Aprili

Daraja la barabara kuu limechukuliwa na maji.

Jumanne, 8 Aprili

Katibu wa Bunge ametoa waraka mwingine. Ili mitambo ya chapa imalize kazi kabla ya umeme kuzimwa, kurasa ambazo "maudhui yake yanafahamika" ziandaliwe mapema. Mwenzangu wa zamu alicheka. Hilo tunalifanya siku zote. Sala ya kufungua, orodha ya hati, maneno ya kuhitimisha: vyote vipo tayari tangu enzi za waliotufundisha kazi. Na ule mstari wa mwisho wa kila hoja pia, "(Hoja ilitolewa iamuliwe, iliamuliwa na kuafikiwa)". Tangu niingie kazini sijasikia "siyo" ikishinda hata siku moja. Unaandika mstari ule kama unavyoandika tarehe.

Ijumaa, 11 Aprili

Acha niandike yote kwa utaratibu.

Kura ya Muswada ilipangwa baada ya saa tisa. Zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Wakati wa chakula nilipiga chapa ukurasa wa mwisho, nikaweka mstari wa kuafikiwa, nikatia herufi zangu, nikauacha kwenye kikasha. Tarishi alikuja saa tisa kamili kama alivyoagizwa, akaupeleka mitamboni. Mimi nikapanda ukumbini na daftari na kalamu mbili.

Hatupigi kura kwa majina. Spika anauliza, watu wanapaza sauti, Spika anasikiliza na kutamka upande ulioshinda. Basi. Saa tisa na dakika arobaini na tano akauliza, "Wanaoafiki waseme ndiyo." Zikatoka sauti chache, za uvivu, kama za watu walioamshwa. "Wasioafiki waseme siyo."

Ukumbi ulinguruma. Sijui niseme vipi. Meza yangu ilitetemeka. Walikuwa wa upinzani, na walikuwa wa chama chenyewe, wale wa viti vya nyuma ambao huwa wanalala. Nadhani ni uchaguzi wa mwakani. Kila mmoja ana hospitali jimboni na ana mama mzazi. Kengele alikuwa mita tatu kutoka kwangu, mishipa ya shingo imemtoka. Spika akamtazama Waziri. Akauliza tena, neno kwa neno, na wakajibu tena, safari hii kwa kugonga meza.

 Kisha Spika akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Nafikiri wasioafiki wameshinda." Akaahirisha kikao mpaka Jumatatu. Taa zikazimika watu bado wanakumbatiana.

Nilishuka ngazi mbio, mwanamke wa miaka hamsini na moja na magoti yangu haya. Mitambo ilikuwa kimya. Taarifa ilikuwa imekwisha chapwa, imeshonwa, imepangwa kwenye rafu. Mzee Nukta alikuwa dirishani anasoma ukurasa wa mwisho kwa mwanga wa nje.

"Mzee, hoja imekataliwa."

"Una hakika?"

"Nimeisikia mara mbili. Spika ametamka."

Akanionyesha chini ya karatasi. "Ukurasa huu una herufi zako."

"Niliuandaa mchana. Kama kawaida."

"Kama kawaida," akasema. "Haya. Nenda nyumbani, mama. Tutaona Jumatatu."

Basi, hayo tu! Nilipogeuka mlangoni alikuwa amekwisha kuketi, ameinama mezani anaandika. Nikadhani anasahihisha nukta zake. Nilimchukia wakati ule.

Nyumbani nilisema tu kwamba tumeshinda. Binti yangu aliimba akiosha vyombo. Sikumwambia habari ya ukurasa, kwa sababu niliona ni kosa la kusahihishwa dakika tano.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mwenzangu wa zamu anasema magari ya wabunge yanaingia na kutoka nyumbani kwa Spika tangu jana, wanne wanne.

Jumatatu, 14 Aprili

Baada ya sala Spika akasema, "Kama Taarifa Rasmi ya Ijumaa inavyoonyesha, Muswada uliafikiwa, na sasa unasubiri saini." Akaendelea na maswali ya maji.

Mbunge mmoja mzee akasimama. "Mheshimiwa Spika, kumbukumbu zangu..."

"Zako au za Bunge, Mheshimiwa? Kama wewe ulisema siyo, tamka hivyo sasa, uandikwe jina."

Mzee yule alitazama kushoto, akatazama kulia. Watu karibu mia mbili, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kusoma. Akaketi. Nilimtazama Kengele. Alikuwa anaangalia dari, kana kwamba linavuja.

Hapo ndipo nilipoelewa tulivyotengenezwa. Sauti haina jina. Mia walikataa, na hakuna hata mmoja anayeweza kuonyeshwa kwamba alikataa. Katika kura ile nzima aliyeacha jina lake ni mmoja tu, na ni mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemvizia Kengele kwenye korido ya maktaba. Alinisalimu kwa bashasha, ananijua kwa sura. Nikamwambia mimi ni mpiga kura wake, na ndiye niliyeandika ukurasa wa Ijumaa, na umekosewa, na akisimama yeye mmoja tu kuomba usahihishwe nitamuunga mkono.

"Dada yangu," akasema, "siku ile kulikuwa na kelele nyingi."

"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyepiga kelele."

"Sikumbuki hasa nilisema nini. Mambo ya nchi ni mapana, unajua. Waliotukopesha wakiondoka, hata mshahara wako utatoka wapi?" Kisha akainama karibu, sauti yake ndogo sikuwa nimewahi kuisikia. "Na kama ulisikia vizuri hivyo, mbona uliandika vingine?"

Akaenda zake. Nimekaa na swali lake tangu saa tano.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimewaambia. Baba watoto alizima redio, jambo ambalo hafanyi hata kukiwa na msiba. Dada yangu alikuwepo, amekuja kumpima mtoto. Aliweka chini kile kipimo chake, akasema, "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni utaratibu wa kazi, dada. Sote tunafanya hivyo."

"Nimekuuliza mmefanya wangapi?"

Alichukua mwavuli wake akaondoka.  Binti yangu alininyooshea mkono nimsaidie kuinuka, na hilo liliniuma zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemuuliza Mzee Nukta kama kuna njia. Ipo. Hati ya masahihisho, karatasi moja ya kijani. Aliyeandika ukurasa anatia saini kwanza, mkuu wake anathibitisha, inapelekwa kwa Katibu. Mwisho ni siku ya kufunga mkutano, Ijumaa tarehe tisa Mei. Baada ya hapo kitabu kinafungwa kwa lakiri na hakiguswi.

"Kwa hiyo nisaini?" nikauliza.

"Sikusema hivyo. Umeniuliza njia, nimekuambia njia."

Kumuuliza mtu huyu ni sawa na kuuliza kabati. Nimerudi nyumbani nikiwaza kwamba Mzee anastaafu Juni, na anayestaafu Juni hana haja ya kulowana Mei.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijasaini. Mshahara wangu ndio unaolisha watu watatu. Wa nne yuko njiani.

Jumatano, 30 Aprili

Tangazo limebandikwa kwenye geti la hospitali. Makabidhiano ni tarehe kumi na mbili Mei, na wagonjwa wote waondolewe kabla ya siku hiyo. Tulilisoma tumesimama kwenye tope, binti yangu na mimi, mwavuli mmoja. Akasoma mpaka jina la mchapaji kule chini. Ni ugonjwa wa nyumba yetu.

Daktari alitupokea. Kijana mpole, amekonda. Akasema, "Kabla ya tarehe ishirini siwezi kumtoa. Mapafu yake bado. Na baada ya tarehe kumi na mbili sina chumba."

"Na kule kwingine?"

"Daraja halijajengwa, mama. Mnaweza kuzunguka kwa juu. Kwa kovu lile, njia ile, siwezi kukushauri." Akafungua mikono.

Njiani binti yangu akaniambia, "Usijilaumu, Mama." Nilimjibu kwa ukali kwamba najilaumu kwa raha zangu.

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Baba watoto ameniletea uji kitandani, hajawahi. Akakaa ukingoni. Akasema, "Unajua kiwanda chetu kilivyofungwa? Tulitia saini sisi wenyewe. Walitupa karatasi imeandikwa kwamba mashine ni mbovu. Sote tulijua mashine ni nzima, mimi ndiye niliyekuwa nazitia mafuta. Tukasaini kwa sababu walisema atakayesaini atakumbukwa." Akatazama mikono yake. "Sukari nitazoea kuikosa. Kile sijakizoea."

Miezi sita nimelala na huyu mtu na sikujua. Nilidhani ni mtu wa mzaha tu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepiga moyo konde. Saa mbili asubuhi nilijaza hati ya kijani. Ukurasa, tarehe, mstari. *Palipoandikwa: iliamuliwa na kuafikiwa. Pasomeke: iliamuliwa na kukataliwa.* Sababu ya kosa: *Ukurasa uliandikwa kabla ya kura.* Nilipotia saini nilihisi nimevua viatu vilivyobana.

Niliipeleka kwa Mzee Nukta nikiwa na hotuba tayari kichwani ya kumwambia kuhusu uoga. Akaisoma. Akafungua droo, akatoa hati nyingine ya kijani, akaiweka kando ya yangu. Ilikuwa na maneno yale yale, mwandiko wake, nafasi ya saini yangu ikiwa tupu. Yake ilikuwepo. Tarehe: kumi na moja Aprili.

"Ulisaini siku ile ile," nikasema.

"Kabla giza halijaingia."

"Na ukanyamaza wiki tatu!"

"Kanuni inasema mwandishi kwanza. Mimi nastaafu Juni, mama. Wewe una nyumba. Ningekusukuma vipi?" Akachukua yangu, akaihakiki, akanirudishia. "Umesahau nukta mwisho wa sababu."

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nimekaa chumba kimoja na kimya hiki miaka kumi na tisa nikakiita uoga.

Jumanne, 6 Mei

Niliitwa kwa Katibu. Zulia, maua, chai yenye sukari. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Mama yangu, umefanya kazi nzuri sana hapa. Masikio nayo huchoka, ni viungo kama vingine."

"Ya kwangu hayajachoka."

"Tunaweza kusema hivyo. Kwamba siku ile ulikuwa unaumwa. Unapumzika mwezi mmoja kwa malipo, hati inarudi kwako, yanaisha. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mheshimiwa Katibu, na wewe ulikuwa ukumbini. Ulisikia nini?"

Alimimina chai. Ilichukua muda mrefu kwa kikombe kidogo kile. "Mimi kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa," akasema.

Sikusaini kwamba naumwa. Sukari yake niliinywa yote.

Jumatano, 7 Mei

Nimehamishiwa chini, ghala la Taarifa za zamani. Kazi: kupangusa. Dirisha moja, maji yanatiririka ukutani, na vitabu vyangu vya miaka kumi na tisa mbele yangu.

Nimevifungua. Hoja iliamuliwa na kuafikiwa, kuafikiwa, kuafikiwa, na herufi zangu chini. Sheria ya kiwanda cha baba watoto imo humu. Ile ya kuongeza muda wa Rais imo. Nilijaribu kukumbuka zipi nilizisikia na zipi niliziandika mchana kabla ya chakula. Sikumbuki. Nimekaa juu ya ngazi ya mbao nikalia, na hakuna aliyenisikia ila vumbi.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya mwisho. Hati ya kijani haijatajwa asubuhi yote. Saa nane Mzee Nukta akashuka ghalani, mara ya kwanza namwona kwenye ngazi zile.

Ameniambia hivi. Mawakili wa kampuni, wale wa ng'ambo, wamepitia jalada na kuikuta hati yetu. Wamesema hawatakabidhiwa mali ya miaka thelathini kwa karatasi yenye doa. Wanataka kura irudiwe, iwe safi. Spika ametangaza kwamba kulitokea "dosari ya kiuandishi". Bunge litakutana kwa dharura tarehe ishirini, na makabidhiano yamesogezwa mpaka tarehe ishirini na tatu.

"Kwa hiyo si kwa sababu tulisema kweli," nikasema.

"Hapana. Ni kwa sababu tuliiandika." Akaketi kwenye sanduku, anahema. "Siku kumi na moja, mama. Ndizo tulizopata."

Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Kumi na mbili mpaka ishirini na tatu. Na ishirini iko ndani.

Jumamosi, 10 Mei

Dada yangu amekuja. Hakuomba radhi wala mimi sikuomba. Alinipa mwavuli wake nimshikie, akaingia kumpima mtoto. Binti yangu anaingia chumba cha upasuaji tarehe ishirini na moja asubuhi, daktari ameandika.

Jumanne, 13 Mei

Kengele ameteuliwa Naibu Waziri. Wa Afya.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imepungua. Baba watoto amefua nguo ndogo ndogo, amezianika kwa mpangilio wa ukubwa.

Jumanne, 20 Mei

Mzee Nukta amekuja nyumbani jioni, na suti yake ya kazini. Binti yangu alimpisha kiti kizuri, akakataa, akakaa kwenye stuli. Alimeza maji kwanza.

Amesema leo alikaa mwenyewe kwenye meza ya waandishi, mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne. Asubuhi Katibu alituma tarishi achukue ukurasa wa mwisho mapema. "Nikamwambia haupo. Akarudi mara tatu. Nikamwambia haupo, hauwezi kuwepo, hakuna aliyesema kitu bado."

"Kisha?"

"Walioafiki wameshinda. Niliacha pengo mpaka niliposikia." Akanitazama, mara ya kwanza bila karatasi katikati yetu. "Ilikuwa sauti kubwa kweli, mama. Sitakudanganya. Na rafiki yako yule ndiye aliyetangulia."

 Baba watoto akamkorogea chai kavu, na Mzee akainywa akashukuru kama ina kitu. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Nimechoka. Sina hasira tena na Kengele. Namwona kama nguo iliyokuwa ikining'inia dukani, mimi nikaiita mtu.

Jumatano, 21 Mei

Nimo hospitalini, benchi la korido, naandika juu ya paja.

Nusu ya wodi imeshahamishwa. Vitanda vimesimamishwa ukutani na kubandikwa namba za kampuni. Chumba cha upasuaji bado kinafanya kazi, taa yake nyekundu inawaka. Binti yangu aliingia saa tatu na nusu. Alinishika kidole kimoja tu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, akakiachia mwenyewe.

Dada yangu haruhusiwi kumhudumia kwa kuwa ni ndugu, kwa hiyo alikaa nami mezani na kitabu cha uzazi. Kikubwa, jalada la bluu, karibu kimejaa. Akaandika jina la mama, umri, saa ya kuingia. Nikatazama kwa mazoea ya jicho. Nafasi tatu zilikuwa tupu: saa ya kuzaliwa, jinsia, hali.

Nilikuwa naogopa. Nikasema upuuzi. "Dada, si uandike tu 'hai', ili moyo utulie."

Aliweka kalamu chini. Hakukasirika. "Hapa hatuandiki kabla ya kusikia sauti," akasema. "Sijawahi hata siku moja, miaka yote ishirini na sita. Hata kwa yule wa kwanza sikuandika."

Tukakaa. Baba watoto alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo. Mashine ya mle ndani ilisikika, na viatu vya mtu. Sijawahi kusikiliza hivi maishani mwangu, mimi niliyekuwa nalipwa kusikiliza.

Kisha akalia. Mara ya kwanza ndogo, ya kujaribu, halafu kwa nguvu, kwa ghadhabu, korido nzima ikasikia. Baba watoto akakaa chini sakafuni pale pale.

Dada yangu alitazama saa ya ukutani, akanisukumia kitabu na kalamu. "Andika wewe."

Nikaandika. *Saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi. Msichana. Hai.* Nikatia herufi zangu chini, na nukta.